Nyuma ya mstari mmoja wa pongezi

Chuo nilichosoma Marekani ni kidogo. Ni kimojawapo cha vile vyuo vya shahada ya kwanza vinavyoitwa vya sanaa huria, ambako mwanafunzi wa fizikia hapati shahada kabla hajapita kwenye historia, falsafa na lugha ya kigeni. Darasa huwa na watu kumi na kitu, chuo kizima hakifiki wanafunzi elfu mbili, na wanafunzi wa uzamili au uzamivu hakuna kabisa. Nimeandika haya kwa ajili ya walio njiani kwenda kwenye vyuo vya namna hiyo. Zaidi nawafikiria wale ambao tayari wamefika, wako mwaka wa kwanza, na kila wakisoma habari za mafanikio ya wenzao wanajiona wamechelewa.

Mimi habari hizo nilikuwa nikiziandika. Mwenye viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na nafasi iliyokuwa wazi nilipofika ilikuwa ofisi ya mawasiliano. Kazi yangu ilikuwa kukusanya taarifa: mwanafunzi gani kapata ufadhili, profesa gani kachapisha kitabu, mhitimu gani kateuliwa kuwa jaji au kafungua kliniki. Kila mmoja alipewa sentensi moja au mbili, yaani jina, mwaka wa kuhitimu, somo na alichofanya. Basi.

Mwanzoni zilinitia unyonge. Nilikuwa mgeni, kiingereza cha darasani kinanichosha hadi jioni kichwa kinauma, na kazi yangu ni kuandika kwamba binti wa umri wangu amewasilisha utafiti kwenye kongamano la kitaifa. Niliamini watu wale walizaliwa na kitu ambacho mimi sina.

Imani hiyo haikudumu, kwa sababu kabla ya kuandika mstari wowote ilinibidi nimtafute mhusika nihakikishe jina, tarehe na cheo. Nikishamaliza kuhakikisha, nilikuwa nauliza swali moja la ziada: ilianzaje? Majibu yalishangaza kwa kufanana. Karibu kila mara kulikuwa na ziara moja kwenye ofisi ya profesa, mara nyingi mwaka mmoja au miwili kabla ya jambo lenyewe, na mara nyingi mwanafunzi hakuwa ameenda kuomba chochote. Alikwenda kuuliza kuhusu kitu ambacho hakukielewa darasani, wakazungumza, na mlango ukafunguka hapo.

Mkuu wangu wa kazi aliponituma kuandaa makala fupi juu ya wahitimu wa zamani wa vyuo vya aina yetu, nikakutana na habari ya Charles Martin Hall. Alihitimu Oberlin, jimbo la Ohio, mwaka 1885. Enzi hizo alumini ilikuwa metali ya bei kubwa, kwa sababu kuitenga na oksijeni kulihitaji kemikali ghali. Tarehe 23 Februari 1886, katika banda la kuni la nyumba ya wazazi wake, Hall alipitisha umeme kwenye oksidi ya alumini iliyoyeyushwa ndani ya madini ya kriolaiti, akapata alumini safi. Paul Héroult wa Ufaransa aligundua njia hiyohiyo mwaka huohuo bila wao kujuana, na mpaka leo viwanda vya alumini duniani vinaitegemea. Ukiiandika kwa mtindo wa ofisi yetu itakuwa sentensi moja: Hall, mhitimu wa 1885, agundua njia nafuu ya kutengeneza alumini.

Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini imewaacha watu wawili nje. Wa kwanza ni Frank Fanning Jewett, profesa wa kemia aliyemchochea Hall kulishughulikia tatizo hilo na kumsaidia kwa vifaa na ushauri. Wa pili ni dada yake, Julia Brainerd Hall, ambaye naye alisoma kemia Oberlin. Julia aliyafuatilia majaribio kwa karibu, na kesi ya hataza, yaani ya haki ya kumiliki uvumbuzi, ilipokuja, maelezo yake ya maandishi kuhusu lini nini kilifanyika yalisaidia kuthibitisha tarehe za kaka yake. Njia yenyewe inaitwa ya Hall na Héroult, jina la Julia halimo. Nilikaa na habari hiyo muda mrefu. Nilianza kuuliza kila niliyemhoji nani alikuwa naye, na kama aliridhia, niliingiza jina la pili ndani ya mstari. Mhariri alilalamika kuhusu nafasi. Nilibishana naye, na mara nyingi alikubali.

Mwaka wa pili nikaenda mwenyewe kugonga mlango. Profesa wa biolojia alikuwa anachunguza mabuu ya wadudu wa majini kwenye kijito kilicho karibu na chuo. Baadhi ya wadudu hao hawavumilii maji yenye oksijeni kidogo, kwa hiyo ukiwahesabu na kuwatambua unaweza kusema maji yana hali gani hata kama siku hiyo kipimo cha kemikali hakionyeshi kitu. Nilisoma makala yake moja kwanza. Sikuielewa yote, na nilimwambia hivyo, nikamwonyesha jedwali lililonishinda. Tulizungumza saa nzima. Mwezi uliofuata akaniuliza kama ningependa kufanya kazi maabara wakati wa kiangazi.

Hapo ndipo udogo wa chuo unapogeuka kuwa faida. Katika chuo kikuu kikubwa kazi ile ingekuwa ya mwanafunzi wa uzamivu, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza angeosha vyombo vya kioo. Kwetu hakukuwa na wa uzamivu. Nikakaa mbele ya hadubini, nikatenganisha mabuu, nikakosea kuyatambua, nikasahihishwa na profesa mwenyewe akiwa amesimama begani kwangu. Nadhani ndiyo sababu vyuo hivi vimetoa wanasayansi wengi kuliko mtu anavyotarajia. Thomas Cech alitoka Grinnell mwaka 1970 na kupata Nobel ya kemia 1989. Jennifer Doudna alihitimu Pomona mwaka 1985 na kupata ya kwake 2020. Harold Varmus, Nobel ya tiba 1989, alisoma fasihi ya Kiingereza pale Amherst kabla ya kugeukia udaktari.

Sasa niseme mambo ya pesa na karatasi, maana hapa ndipo wageni wengi huumia. Nafasi za utafiti wa kiangazi huamuliwa mapema, kati ya Januari na Machi, wakati theluji bado iko nje na hakuna anayewaza kiangazi. Programu nyingi zinazotangazwa kwa sauti kubwa, zile zinazolipiwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, hupokea raia na wakazi wa kudumu tu. Usipoteze wiki mbili kuandika insha ya programu isiyoweza kukupokea; soma sharti la uraia kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Fedha zinazowafaa wageni mara nyingi ni za chuo chenyewe, na hizo hazitangazwi sana. Zinajulikana na maprofesa na ofisi ya mkuu wa taaluma. Uliza.

Ukipewa posho ya utafiti, uliza pia kama kodi ya chumba cha bweni itatoka humo, na kama posho inahesabiwa kuwa mshahara au ufadhili. Kwa mgeni mwenye F-1 ambaye bado hajahesabiwa kuwa mkazi kwa mambo ya kodi, sehemu ya ufadhili inayotozwa kodi hukatwa asilimia 14 papo hapo, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba na Marekani. Kiasi nilichoahidiwa na kiasi kilichoingia benki vilitofautiana vya kutosha kunifanya nipange upya kiangazi kizima. Hakuna aliyenidanganya, ila hakuna aliyenieleza. Na kila mwaka, hata kama hukupata senti, mwanafunzi wa F-1 wa namna hiyo anawajibika kupeleka fomu namba 8843 kwa mamlaka ya kodi.

Tulipokuwa na matokeo, profesa alitupeleka kwenye kongamano la utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Makongamano haya yana historia nzuri: baraza la Marekani linalohimiza utafiti wa aina hii liliundwa mwaka 1978, na kongamano la taifa lilianza 1987 huko Asheville, North Carolina. Nilisimama mbele ya bango langu nikiwa na hofu ya lafudhi yangu. Waliokuja waliuliza kuhusu wadudu, hakuna aliyeuliza kuhusu lafudhi. Gharama ya nauli na hoteli ililipwa na chuo kwa sababu tuliomba kabla ya safari. Mwenzetu mmoja aliomba baada ya kurudi na fedha yake haikurudi.

Kama utafiti wako ni wa kuhoji watu, jua kwamba kuna bodi ya maadili ambayo lazima iidhinishe maswali yako kabla hujamhoji hata mtu mmoja. Majibu uliyokusanya bila idhini hayatumiki kwenye tasnifu, hata yawe mazuri kiasi gani. Nimeona tasnifu ikibadilishwa mada mwezi Februari kwa sababu hii, na mwenyewe akilia kwenye ngazi za maktaba.

Jambo jingine la kuulizwa mapema ni jina lako kwenye makala. Kuhesabu mabuu peke yake si lazima kukufanye mwandishi mwenza. Kuchambua takwimu au kuandika sehemu ya rasimu kunaweza. Profesa wangu alifurahi nilipouliza, akanieleza vigezo vyake bila kona. Makala yenyewe ilitoka nikiwa nimeshahitimu, ikiwa na majina ya wanafunzi wa miaka kadhaa waliopita kwenye maabara ileile. Utafiti wa kijito hauendi kwa kasi ya muhula.

Mwaka wa nne ulikuwa wa kuomba ufadhili mkubwa, na ndio uliokuwa mgumu zaidi kwangu. Majina yanayorudi kwenye orodha za pongezi za vyuo hivi ni yaleyale: Fulbright, Truman, Goldwater, Rhodes, Watson. Kwa mwanafunzi wa kigeni sehemu kubwa imefungwa. Fulbright inayowapeleka wanafunzi wa Marekani nje ni ya raia wa Marekani, Truman vivyo hivyo, na Goldwater haimpokei mtu mwenye viza ya mwanafunzi. Rhodes unaiomba kupitia nchi au kanda unayotoka. Watson, iliyoanza mwaka 1968, haiulizi uraia: humpa mhitimu wa vyuo fulani, vingi vikiwa vidogo kama chetu, mwaka mmoja wa kufuata swali lake duniani, kwa sharti kwamba hatarudi kwao wala kukaa Marekani katika miezi hiyo 12.

Niliiomba Watson. Kwanza chuo huchagua wagombea wake, kisha wagombea hao hushindana na wa vyuo vingine. Swali langu lilihusu watu wanaoishi kando ya mito iliyochafuliwa na jinsi wanavyoijua hali ya maji bila maabara. Kwa miezi kadhaa niliandika insha na kuifuta. Nilichaguliwa na chuo, nikafanya usaili, nikaanza hata kuota ramani. Matokeo yalipotoka, jina langu halikuwemo. La rafiki yangu lilikuwemo.

Na mstari wa kumpongeza ilikuwa zamu yangu kuuandika. Mkuu wangu alinitazama akasema anaweza kumpa mtu mwingine. Nilikataa, si kwa ushujaa, bali kwa sababu nilijua kazi aliyoifanya kuliko mtu yeyote pale ofisini. Niliandika jina lake, somo lake, na jina la mwalimu wa muziki aliyemsikiliza kwa miaka mitatu. Kisha nikaenda bwenini nikalala mchana kutwa. Uchungu ulikuwepo na ulidumu wiki nyingi, na sitaki mtu anayesoma haya adhani unaisha kwa kuambiwa kwamba kuteuliwa tu ni heshima. Kilichonisaidia ni kwamba insha ilikuwa imekwishaandikwa. Swali lile lile, likiwa limechongwa na watu watano waliolisoma, ndilo nililoombea shahada ya uzamili, nami nikapokelewa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeomba: chagua swali ambalo utaendelea kulitaka hata ukikosa.

Kuhusu barua za mapendekezo nina msimamo mkali. Mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho ndio uchache wa adabu. Mpe profesa rasimu ya insha, orodha ya tarehe, na ukurasa mmoja unaomkumbusha ulichofanya kwake: mada ya insha yako, jaribio lililoharibika, swali uliloliuliza. Fomu itakuuliza kama unaachilia haki yako ya kuisoma barua; wanafunzi wengi huiachilia, kwa kuwa barua ambayo mwombaji hataisoma huaminika zaidi. Na matokeo yakitoka, mazuri au mabaya, mwandikie aliyekuandikia. Wapo maprofesa waliojua habari za wanafunzi wao kutoka kwenye orodha yangu, na niliona haya kwa niaba ya wanafunzi hao.

Habari za maprofesa ziliniongezea jambo ambalo hakuna mwanafunzi anayeambiwa. Profesa mpya hupimwa kwa miaka takriban sita kabla ya kupewa ajira ya kudumu, akitazamwa ufundishaji, utafiti na utumishi wake chuoni. Kitabu nilichokitangaza kwa sentensi moja kilikuwa kimeandikwa alfajiri na likizoni, na mtu anayesahihisha insha zetu usiku. Baada ya miaka kadhaa ya kufundisha hupata likizo ya utafiti, muhula au mwaka mzima. Sasa fikiria mwanafunzi aliyepanga tasnifu yake yote kwa ajili ya profesa mmoja, halafu mwaka wa nne profesa hayupo. Muulize mwaka wa pili: likizo yako ya utafiti ni lini? Waalimu wa mkataba wa mwaka mmoja nao huondoka kimya mwezi Mei. Kama mmoja wao anakujua vizuri, mwombe barua kabla hajafungasha, na upate anwani yake isiyo ya chuo.

Wahitimu ndio walionifundisha subira. Wangari Maathai alihitimu biolojia mwaka 1964 katika Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha watawa wa Kibenediktini mjini Atchison, Kansas. Nobel ya amani ilimfikia mwaka 2004, miaka 40 baadaye. Eduardo Mondlane aliingia Oberlin akiwa na umri wa miaka 31, akahitimu 1953, na mwaka 1962 akawa rais wa kwanza wa FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji, pale Dar es Salaam. Kofi Annan, aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitoka Macalester mwaka 1961. Sidhani kama orodha ya mwezi waliohitimu ingekuwa na la kusema juu yao zaidi ya shahada. Ilhali orodha yangu ilijaa watu waliojitangaza wenyewe. Wauguzi, walimu wa shule za msingi, mtu aliyemlea mzazi mgonjwa miaka kumi, hao hawakuwa wakituandikia. Nilipowatafuta walishangaa kwamba chuo kinataka kusikia habari zao. Na hao hao ndio waliokuwa tayari kuzungumza na mwanafunzi asiyemjua mtu. Ofisi ya wahitimu ina orodha yao. Andika barua fupi, taja somo lako, uliza jambo moja, na mara nyingi jibu litakuja.

Si kila mtu anataka jina lake litangazwe, na hilo ni haki yake. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, shahada, heshima na tuzo zinaweza kutangazwa na chuo bila kukuuliza, isipokuwa umeandika rasmi kukataa. Kama una ndugu walio hatarini, au utafiti wako unagusa siasa za kwenu, nenda kwa msajili mapema. Niliwahi kuuondoa mstari mzuri sana kwa sababu mwenyewe aliniomba, na sikumuuliza kwa nini.

Kwa mhitimu wa kigeni, karatasi ya mwisho ni ruhusa ya kufanya kazi kwa muda katika taaluma yako, miezi 12, na nyongeza ya miezi 24 kwa masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kwa kanuni nilizozikuta, maombi yalipokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo hadi siku 60 baada yake. Peleka siku ya kwanza dirisha linapofunguka, maana kusubiri jibu huchukua miezi, na usianze kazi kabla kadi haijafika. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo tarehe zako zichukue kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni na si kwa rafiki aliyehitimu mwaka juzi.

Siku hizi nami natuma habari kwa ofisi ileile. Makala ya kijito ilipotoka, niliandika majina ya wanafunzi wote wa maabara, pamoja na fundi aliyetutengenezea nyavu za kukusanyia mabuu. Mhariri mpya aliniandikia kwamba mstari ni mrefu mno. Nimemjibu nikimwomba auache ulivyo.